Canter haishiki asubuhi? Pima kwanza kabla hujakimbilia kununua betri

Wenye Canter za zamani, hizi za injini 4D32, 4D33 na ndugu zake, wanaijua hii. Jioni umepaki gari haina shida, asubuhi unageuza funguo inalia ka-ka-ka halafu kimya, na kabla hujashuka kwenye kabini watu watatu washakwambia betri imekufa kanunue nyingine. Unanunua, unafunga, wiki mbili tatu gari inapiga safi, halafu mchezo unaanza upya na betri yenyewe bado ina stika ya dukani. Mimi nasema hivi, asilimia kubwa ya betri zinazotupwa kwenye hizi gari hazikufa zenyewe, kuna kitu kiliziua, na hicho kitu kipo kwenye gari kinasubiri inayofuata. Ila kinapimika, tena kwa kifaa cha bei ndogo tu.

Unachohitaji ni multimita ya dijitali, hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Ongeza balbu ya indiketa ya volti 24 wati 21 uliyoiunga waya mbili, spana namba 10, 12 na 13, brashi ya waya, na kama betri zako ni zile za vifuniko vya kufungua basi tafuta na haidromita, kile kifaa cha kupimia uzito wa asidi. Mtu wa pili wa kukusaidia kupiga stata ni muhimu, utingo wako anatosha.

Kwanza jua gari yako ni volti ngapi

Usicheke, watu wanaunguza vitu hapa. Canter nyingi zilizokuja huku ni volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfululizo, pozitivu ya moja imeingia kwenye negativu ya nyingine. Ukikuta betri mbili lakini pozitivu imeungwa na pozitivu, negativu na negativu, kama Land Cruiser nyingi za dizeli, hiyo ni volti 12 yenye nguvu mara mbili. Namba za jumla nitakazotaja chini ni za volti 24, kama yako ni 12 gawanya kwa mbili twende sawa; namba za betri moja moja zinabaki vile vile.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo mafundi wengi wa barabarani wanaliruka: kwenye gari ya volti 24 usiridhike na namba ya jumla. Pima jumla, sawa, halafu pima KILA BETRI PEKE YAKE. Jumla inaficha. Unaweza ukasoma 24.6 ukasema mbona ipo ipo tu, kumbe moja ina 12.7 na nyenzake ina 11.9, na hiyo ya pili ndo inayokulaza njiani.

Betri zikiwa zimetulia

Gari ikae imezimwa masaa kadhaa, usiku mzima ndo vizuri zaidi, maana betri ikitoka kuchajiwa sasa hivi inadanganya, inaonyesha volti za juu juu ambazo hazina kitu ndani. Kama huna muda washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, pima.

Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.7. Ukiona 12.4 ipo kama robo tatu, 12.2 ipo nusu, 12.0 imebaki robo, 11.8 hiyo imeisha. Ukiona 10.5 hivi, na umeichaji usiku kucha ikabaki hapo hapo, kuna seli moja imekufa, kwa sababu betri ina seli sita na kila moja inatoa volti 2 na kitu kidogo, sasa ikipotea moja hesabu inakuja yenyewe. Hiyo haina dawa, hata ukiambiwa kuna jamaa anazifufua.

Tofauti kati ya betri mbili ikizidi volti 0.2 hivi anza kujiuliza maswali. Zinatakiwa ziwe pacha: umri mmoja, saizi moja, ikiwezekana na kampuni moja. Kufunga N70 mpya na N70 ya miaka mitatu, au N70 na N50, ni kujitafutia gharama, ile dhaifu inamvuta mwenzake chini mpaka zote zinakuwa sawa kwa ubovu.

Za vifuniko fungua uangalie maji. Sahani za ndani zinatakiwa zifunikwe. Zikiwa wazi ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, sio asidi, na sio ya bombani wala ya mvua yaliyopita kwenye bati. Ongeza kidogo tu yafunike sahani, chaji kwanza, ndo ujaze mpaka kwenye alama, ukijaza kabla yatafurika wakati wa kuchaji yamwagike kwenye kikalio cha betri kile chuma kiliwe. Halafu haidromita: seli iliyojaa inasoma kama 1.265 hivi au juu kidogo, 1.190 ni nusu, 1.120 hiyo imeisha. Ila zaidi ya namba yenyewe angalia tofauti ya seli kwa seli. Tano zinasoma 1.250 na moja inasoma 1.150, umeshampata mgonjwa.

Juu ya betri pia pasafi. Betri za Canter zimekaa pembeni ya chesisi, tope, vumbi na mvuke wa asidi vyote vinatua pale. Jaribu hii: weka waya mweusi wa multimita kwenye nguzo ya negativu, ule mwekundu ugusishe kwenye plastiki ya juu ya betri uusogeze taratibu. Ukisoma volti kadhaa kwenye plastiki ujue uchafu unapitisha umeme, betri inajimaliza yenyewe usiku na mchana. Osha kwa maji ya moto na bekingi soda, ile ya kupikia, sio kostiki ya kutengenezea sabuni, na vifuniko viwe vimefungwa isije ikaingia ndani ikaua asidi.

Redio ndo muuaji mkubwa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona ndo chanzo namba moja kwenye hizi gari na watu hawataki kuamini.

Redio, chaja ya simu, taa za urembo, wakati mwingine na traka ya GPS, vingi vinatumia volti 12. Gari ni 24. Fundi anafanyaje? Anachomoa waya kwenye betri moja, ile ya chini ambayo negativu yake ndo imeenda kwenye bodi, anapata 12 yake safi, redio inaimba, analipwa, anaondoka. Kwa siku hiyo kila mtu kafurahi.

Kinachotokea baada ya hapo ni hiki. Ile betri ya chini inatumika kila siku kuliko mwenzake. Alteneta inachaji zote mbili kwa mkondo mmoja, inaangalia jumla tu, ikishafika 28 inajua kazi imeisha inapunguza. Lakini ile ya juu ilishajaa zamani, kwa hiyo inapanda, na ile ya chini bado ina njaa, kwa hiyo inabaki chini. Washa gari, pima jumla unakuta 28.2, namba nzuri kabisa ya kumwonyesha bosi. Sasa pima moja moja: ya juu ina 15.3, ya chini ina 12.9. Ya juu inachemka, inakauka maji kila wiki, ya chini haijai hata siku moja, sahani zake zinaganda salfeti mpaka inakuwa jiwe. Mwisho wa siku zote mbili zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake, na alteneta haina kosa lolote.

Kwa hiyo fuatilia ile nyaya ya daraja, yaani nyaya fupi inayounganisha betri mbili. Kwenye hiyo nyaya hakutakiwi kuwa na waya mwingine wowote mwembamba umejishika pale. Ukiukuta, hata kama umefungwa na selotepu nyeusi kwa ustadi wa hali ya juu, toa. Kama unataka redio nunua konveta ya 24 kwenda 12, ifunge ichukue umeme kwenye betri zote mbili pamoja, weka na fyuzi. Bei yake ukilinganisha na betri mbili sio kitu.

Wakati wa kupiga stata

Betri inaweza kusoma 12.6 imekaa halafu ukiibebesha mzigo inaanguka. Kwa hiyo kipimo cha kweli kiko hapa. Zuia injini isiwake, vuta stopa au kata umeme wa dizeli kulingana na gari yako ilivyo, halafu mwambie msaidizi apige stata sekunde kama tano huku wewe multimita iko kwenye betri ya kwanza. Pumzika dakika moja, rudia kwenye ya pili.

Kila betri isishuke chini ya 9.6 hivi. Zote mbili zikibaki 10 na kitu na stata inazunguka kwa nguvu, betri zako ni nzima, acha kuzisingizia. Moja ikibaki 10.4 na nyingine ikaanguka mpaka 7, hiyo ya pili ndo mbovu. Zote zikianguka sawasawa, chaji kwanza zijae kabisa urudie kipimo, zikianguka tena ama zote zimechoka ama stata inakula kupita kiasi, bushi zimeisha rota inasugua.

Sauti nayo inakuambia kitu. Ka-ka-ka-ka ya haraka haraka na taa za dashibodi zinazima zinawaka, umeme haufiki wa kutosha, betri iko chini au kiungo kimelegea. Tak! moja tu nzito halafu kimya na taa hazijafifia, betri usiiguse, angalia kontakti za solenoidi, ile swichi nene ya stata yenyewe, na kaboni (brashi) za stata. Kimya kabisa hata tak hakuna, fuata rilei ya stata na waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Na kama inazunguka vizuri kwa kasi ila haiwaki tu, hayo ni mambo ya dizeli au hewa kwenye pampu, umekuja kwenye mada sio yako.

Sasa kabla hujahukumu betri au stata, pima nyaya. Hiki kipimo wengi hawakijui na ndo kinaokoa hela kuliko vyote. Wazo ni kwamba waya mzuri haubaki na volti, ukipima mwanzo na mwisho wake wakati umeme mwingi unapita unatakiwa usome karibu na sifuri. Weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo yenyewe ya risasi ya pozitivu ya betri ya juu, sio kwenye klampu, na mwingine kwenye nati kubwa ya stata pale nyaya nene inapofungwa. Piga stata. Ukisoma 0.3, 0.5, sawa. Ukisoma volti 1 na kwenda juu, kuna sehemu pale katikati umeme unakwama. Sogea hatua kwa hatua: nguzo na klampu yake, klampu na nyaya, nyaya na nati ya stata, mpaka umpate, na daraja la betri mbili lipime hivyo hivyo peke yake. Mara nyingi unakuta ni klampu, nje inang'aa ndani ina ule unga mweupe wa kijani, au nyaya imeliwa ndani ya mpira huwezi kuona mpaka uikunje.

Fanya hivyo hivyo upande wa athi: nguzo ya negativu ya betri ya chini na chuma kitupu cha injini. Hapa Canter za zamani zina ugonjwa wake. Injini imekaa kwenye mpira, kwa hiyo kuna mkanda wa waya unaounganisha injini na chesisi, na ule mkanda ukichomolewa siku ya kushusha gia boksi fundi anasahau kuurudisha au anaufunga juu ya rangi na kutu. Umeme wa stata lazima urudi, utatafuta njia nyingine, utapita kwenye kebo ya resi au kebo nyingine yoyote ya chuma. Ukigusa kebo ya resi baada ya kupiga stata ukakuta ina joto, usitafute zaidi. Kwangua mpaka chuma kionekane, funga mkanda mpya mnene, paka grisi kwa juu baada ya kukaza.

Twende kwenye chaji

Washa injini, acha dakika chache irudishe kilichotumika, multimita kwenye jumla. Ikiwa sailensa, yaani hujakanyaga resi, unatakiwa uone 27 na kitu, ukikanyaga resi kidogo kama mizunguko 1500 ikae kati ya 27.5 na 28.8. Washa taa kubwa, feni ya hita, waipa, kila kitu, isishuke chini ya 27 ukiwa umekanyaga. Halafu kumbuka pima moja moja, kila betri iwe 13.8 mpaka 14.4, na tofauti yao ndogo.

Ukisoma 25 na inashuka taratibu, alteneta haichaji kabisa. Injini za dizeli zenye pampu ya kawaida nyingi zikishawaka zinaenda tu hata bila chaji, dereva anatoka Mbeya mchana kweupe hana habari, giza likiingia taa zinaanza kuwa njano ndo anajua.

Ukisoma 26 na nusu hivi na haipandi hata ukikanyaga, inachaji nusu. Hapo ama belti inateleza ama diodi (zile za ndani ya alteneta zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC) imekufa ama mzigo ni mkubwa kuliko alteneta. Hesabu ya mzigo fanya mwenyewe, soma kibao cha alteneta. Kama imeandikwa 24V 40A hiyo ni kama wati 960 ikiwa kwenye resi, sailensa ni kidogo sana. Taa kubwa mbili za wati 75 ni 150. Umeongeza spotilaiti nne za wati 70, hizo peke yake 280. Ukikaa kwenye foleni usiku na hayo yote yanawaka unakula akiba ya betri, sio ubovu ni hesabu.

Belti angalia kabla ya kufungua chochote. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba kwa nguvu, ikilegea zaidi ya kama sentimita moja na nusu kaza. Angalia na mfereji wa puli, chini kabisa kukiwa kunang'aa kama kioo ujue belti imeisha pembeni inagusa chini, hiyo hata ukaze vipi itateleza. Gari ikipiga kelele asubuhi ukiwasha taa halafu ikatulia, ni yeye.

Alteneta haichaji, usiishushe kwanza

Geuza swichi bila kuwasha injini. Taa ya chaji kwenye dashibodi inawaka? Inatakiwa iwake. Isipowaka usiseme "afadhali haina shida". Kwenye alteneta nyingi ile taa ndo inayopeleka umeme wa kuiamsha, balbu ikiungua alteneta inalala mpaka ukanyage resi ya nguvu, au haiamki kabisa. Chomoa plagi ya nyuma ya alteneta, waya wa alama L ugusishe kwenye bodi. Taa ikiwaka, balbu na waya vizima, ubovu uko ndani ya alteneta, kaboni au katauti, yaani kile kidhibiti cha volti. Isipowaka, ubovu uko nje, tafuta balbu, fyuzi, waya. Ila hakikisha ni L, usije ukagusisha ule waya mnene wa B kwenye bodi, huo umetoka kwenye betri moja kwa moja utaona moto.

Ule waya wa swichi, wengi wanaandika R au IG, swichi ikiwa wazi unatakiwa uwe na volti karibu sawa na za betri. Hauna, fuata fyuzi yake.

Kipimo kingine cha bure kabisa: swichi wazi, injini haijawaka, sogeza ncha ya bisibisi karibu na shafti ya puli ya alteneta. Ikivutwa kama sumaku, rota inapata umeme, kaboni zinagusa. Haivutwi kabisa, rota haina umeme.

Halafu washa gari pima kwenye nati ya B ya alteneta yenyewe na negativu ya betri. Ukikuta B ina 28 au zaidi na kwenye betri kuna 25, alteneta inafanya kazi vizuri umeme unapotelea njiani, fyuzi ile nene au kiungo chake kimeungua. Nimeona watu wanasuka alteneta kwa sababu ya kiungo cha namna hiyo.

Diodi zinapimwa kwa kugeuza multimita kwenye AC, injini inawaka na taa zimewashwa, kwenye nguzo za betri. Ikizidi nusu volti kuna diodi imeondoka. Ila baadhi ya multimita za bei rahisi ukiziweka AC zinasoma na DC, zinakupa 50 na kitu hata gari imezimwa, jaribu kwanza gari ikiwa imezimwa kama inasoma sifuri au karibu na sifuri ndo uiamini. Dalili nyingine ya diodi ni taa ya chaji inayowaka kwa mbali, hafifu, unaiona usiku tu.

Oili kwenye alteneta

Alteneta ya Canter nyingi mgongoni imebeba pampu ya vakyumu ya breki, shafti ni moja. Ile pampu inalainishwa na oili ya injini, ina mpira wa kuleta na wa kurudisha. Katikati ya pampu na alteneta kuna sili, na sili ikichoka oili inaingia ndani kwenye kaboni na zile pete za shaba. Kaboni ikinyonya oili inakuwa na tope jeusi, inagusa leo kesho haigusi, taa ya chaji inawaka inazima bila mpango.

Ukimpa fundi anabadilisha kaboni, inachaji mwezi, inarudi. Kwa hiyo ukiishusha pitisha kidole chini kwenye matundu ya hewa, kidole kikitoka na oili mwambie abadilishe sili ya pampu na asafishe kila kitu kabla ya kufunga kaboni mpya. Kaboni zenyewe zikibaki kama milimita 5 badilisha, na pete zikiwa na mfereji zikwanguliwe. Siku unashusha alteneta andaa na chombo maana oili itamwagika, na ukirudisha kaza ile mipira vizuri, angalia na kiwango cha oili ya injini.

La muhimu kuliko yote hapa: usikubali kufungiwa alteneta isiyo na pampu eti "inaingia tu". Itachaji, ndio, ila pedali ya breki itakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta, na gari yenye tani tatu za vitunguu mgongoni kwenye mteremko sio sehemu ya kujaribu. Kama pedali imekuwa ngumu na chaji imeanza kusumbua wakati mmoja, anzia kwenye hiyo pampu.

Chaji ikizidi

Jumla ikipita 29 ukiwa umekanyaga, katauti imekufa au haipati taarifa sahihi. Utajua pia kwa balbu kuungua ungua, harufu ya mayai viza karibu na betri, na maji kuisha haraka. Betri ya moto sana ya kunuka hivyo zima gari, usipeleke sigara wala cheche, ile gesi inalipuka kweli. Pima kwanza waya wa athi wa alteneta na plagi yake kabla ya kununua katauti.

Umeme unaoisha usiku

Betri nzima, chaji nzima, lakini gari ikilala siku mbili haishiki. Kuna kitu kinakula. Zima kila kitu, funga milango, toa klampu ya negativu iliyoenda kwenye bodi, unga ile balbu yako ya wati 21 kati ya nguzo na klampu. Ikiwaka vizuri kuna ulaji mkubwa. Isipowaka, hapo sasa weka multimita upande wa ampia kwenye tundu la 10A mahali pa balbu. Gari ya zamani isiyo na kompyuta inatakiwa isome chini ya 0.05, mara nyingi ni karibu na sifuri kabisa. Usigeuze swichi wala kupiga stata multimita ikiwa hapo, utaiunguza.

Ikisoma 0.5, 1, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Wanaojulikana ni swichi ya taa za breki iliyoganda, taa ya ndani ya kabini, taa ya boksi, traka, na amplifaya ya redio. Ukimaliza fyuzi zote namba haijashuka, toa waya wa B kwenye alteneta uufunike usiguse bodi. Namba ikianguka, diodi zinavujisha.

Vitu vya kumkataza fundi

Kutoa klampu ya betri injini ikiwa inawaka kuona kama itazima. Hii bado inafanywa kila mahali, na ndo njia ya haraka ya kuua katauti na diodi maana volti zinaruka juu ghafla hakuna pa kwenda. Kupiga cheche waya wa B kwenye bodi kuona kama "kuna moto", kosa lilelile. Kuchomelea chesisi bila kuchomoa betri na plagi ya alteneta, hata kama ni dakika mbili. Na kubusti Canter ya volti 24 kwa gari dogo la volti 12 kwenye nguzo za mwisho, usithubutu, unaweza kuharibu gari la watu. 24 kwa 24, waya wa mwisho wa negativu ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri.

Ukifungua betri anza negativu ya bodi, ukifunga iwe ya mwisho. Ukilazimika kununua, nunua mbili kwa mpigo, chaji zote zijae kwa chaja ya nje kabla ya kuzifunga, na zifungwe na chuma chake cha kushikilia sio kamba ya manila, mtikisiko wa barabara mbovu unavunja sahani za ndani kabla ya muda. Andika tarehe kwa maka peni ubavuni. Baada ya wiki moja ya kazi, asubuhi kabla hujawasha, pima moja moja tena: zikiwa zote mbili 12.6 na hazijaachana endelea na safari, ya chini ikiwa imeanza kubaki nyuma rudi kaangalie ile nyaya ya daraja, kuna mtu karudisha waya wa redio.